Kuhifadhi Nyaraka Binafsi za Mwongozaji wa Jukwaa na Filamu: Mwongozo Kamili

Mwongozaji wa jukwaa na filamu anapofariki, warithi wake hubaki na chumba. Ndani yake mna mafurushi ya skripti, madaftari ya mazoezi, picha zilizobandikwa ukutani, makopo ya filamu yaliyoshika kutu, kompyuta ambayo nywila yake haijulikani, na mara nyingi boksi moja chini ya meza lenye mambo ambayo mwenyewe alikusudia kuyashughulikia siku nyingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekabidhiwa chumba hicho, awe mtunza nyaraka wa maktaba, mwanafunzi wa sanaa za maonyesho aliyeombwa kusaidia, au mtoto wa marehemu asiyetaka kazi ya mzazi wake iishie jalalani.

Nyaraka hizi zina tabia yake. Mwandishi wa riwaya huacha riwaya, lakini mwongozaji wa jukwaa haachi kitu cha kushikika, kwa sababu onyesho la arobaini halikuwa sawa na la kwanza na yote mawili yameshapita. Filamu yenyewe hubaki, ila inatuonyesha uamuzi wa mwisho tu. Haituambii kwamba tukio fulani lilipigwa picha mara kumi na saba, wala kwamba mwigizaji mkuu alipendekezwa baada ya wengine wawili kukataa. Kwa hiyo thamani kubwa ya nyaraka za mwongozaji imo katika kumbukumbu ya jinsi uamuzi ulivyofikiwa, na kumbukumbu hiyo hukaa zaidi katika namna karatasi zilivyowekwa pamoja kuliko katika karatasi moja moja. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa unatokana na jambo hilo.

Kuna kisa ambacho kila anayeshika kazi hii anapaswa kukijua. Vsevolod Meyerhold, mwongozaji wa Urusi aliyejulikana zaidi kwa kazi za jukwaani ingawa aliongoza pia filamu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikamatwa mwezi Juni 1939 na kuuawa tarehe 2 Februari 1940. Nyaraka zake zilinusurika kwa sababu binti yake wa kambo alizificha, kisha zikachukuliwa na Sergei Eisenstein, mwongozaji wa filamu ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Meyerhold, naye akazihifadhi kwa siri katika nyumba yake ya mapumziko nje ya Moscow. Eisenstein alifariki mwaka 1948, na baadaye nyaraka hizo zikaingia katika hifadhi ya serikali. Meyerhold alisafishwa jina mwaka 1955, na watafiti waliotaka kujua alivyofanya kazi wakakuta pa kuanzia. Watu hao walihatarisha maisha yao kwa ajili ya madaftari na picha, nami huwakumbuka kila ninapoona mtu akitupa karatasi kwa sababu tu hakuelewa maandishi yake.

Hatua ya kwanza: piga picha kabla ya kusogeza chochote

Siku ya kwanza usipange wala usisafishe. Piga picha kila ukuta, kila rafu na kila droo, kwanza kwa mbali ili mpangilio wa chumba uonekane, kisha kwa karibu kiasi cha kusomeka maandishi ya migongo ya majalada. Chora ramani ndogo ya chumba na ukipe kila mahali alama: A kwa kabati la kushoto, A1 kwa rafu yake ya juu, na kadhalika. Boksi lolote litakalotoka chumbani liandikwe alama ya mahali lilipotoka. Kazi hii huchukua siku moja au mbili, nayo ndiyo pekee ambayo haiwezi kurudiwa ikikosewa.

Wataalamu wa nyaraka wamekubaliana juu ya msingi huu kwa muda mrefu. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa ilitoa waraka ulioagiza kwamba nyaraka zilizotoka kwa mtu au ofisi moja zikae pamoja wala zisichanganywe na za wengine, na baadaye ukaongezwa msingi wa pili kwamba mpangilio aliouacha mwenyewe uheshimiwe. Kwa nyaraka za mwongozaji msingi huo wa pili una uzito wa pekee, kwa sababu watu hawa hupanga kwa akili ya mazoezi: tiketi ya treni hukaa ndani ya skripti kwa kuwa wazo la tukio la mwisho lilikuja safarini.

Miaka iliyopita nilipokea maboksi ya mwongozaji mmoja ambayo jamaa yake, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameyapanga kwa alfabeti ya majina ya michezo. Skripti zilisimama vizuri, safu kwa safu. Lakini kila moja ilikuwa imechomolewa katika bahasha iliyokuwa pia na barua, risiti za maleba (mavazi ya waigizaji) na michoro ya seti, na vitu hivyo vyote vikawa lundo moja lisilo na jina. Tulitumia miezi tukilinganisha madoa ya kutu. Klipu ya chuma ikikaa muda mrefu huacha alama ya umbo lake, na ukikuta alama hiyo, yenye mkunjo uleule na mwinamo uleule, kwenye barua na kwenye ukurasa wa kwanza wa skripti, unajua kwamba viliwahi kubanwa pamoja. Tulirudisha sehemu tu ya lundo lile, na sehemu kubwa imebaki bila mwenyewe hadi leo.

Wakati wa kupiga picha, kisia pia ukubwa wa kazi. Rimu moja ya karatasi 500 ina unene wa takriban sentimita 5, kwa hiyo mita moja ya rafu iliyojaa barabara inaweza kuwa na karatasi zipatazo 10,000. Pima rafu zote kwa mita, uandike jumla, na ujue mapema kama unazungumzia wiki au miaka.

Hatua ya pili: makubaliano ya maandishi

Kabla ya boksi kuondoka nyumbani, mwenye mali na anayepokea watie saini hati inayosema mambo machache kwa uwazi: kama nyaraka zinatolewa kama zawadi, zinauzwa au zinawekwa amana, nani ana haki ya kuruhusu zinakiliwe, ni sehemu zipi zitafungwa kwa wasomaji na hadi lini, na kama vitu visivyohitajika vitarudishwa au vitateketezwa. Swali hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza, na ndilo linaloleta ugomvi miaka kumi baadaye.

Ikiwa mwongozaji bado yu hai, fanya makubaliano naye mwenyewe na umhoji akiwa mbele ya nyaraka. Ingmar Bergman, aliyeongoza jukwaani na katika filamu kwa zaidi ya nusu karne, alikabidhi miswada, madaftari ya kazi na barua zake akiwa hai, na taasisi ya kuzitunza ikaundwa nchini Uswidi mwaka 2002. Mwaka 2007 hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwenye nyaraka akiwepo, swali kama "mtu huyu katika picha ni nani?" hujibiwa kwa nusu dakika, wakati akiisha kuondoka linaweza kukosa jibu kabisa.

Hatua ya tatu: shughulikia vitu vinavyooza sasa hivi

Vitu vingi vinaweza kungoja, ila vichache haviwezi. Karatasi zilizolowa zikaushwe kwa upepo wa feni au zigandishwe ndani ya saa 48, kwa kuwa baada ya hapo ukungu huanza. Zenye ukungu zitengwe katika chumba kingine, na anayezishika avae barakoa. Kukiwa na dalili za wadudu, boksi lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki mpaka lishughulikiwe.

Makopo ya filamu yachunguzwe mapema. Filamu za nitrati, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto kwa urahisi na zikiwaka hujitengenezea oksijeni, hivyo hazizimiki hata zikitumbukizwa majini. Ukiikuta filamu ya zamani iliyogeuka rangi ya kahawia, inayonata au iliyoanza kuwa unga, usiifungue zaidi; ipeleke mahali pa baridi mbali na watu na umwite mtaalamu wa filamu au kikosi cha zimamoto. Filamu za asetati zilizokuja baadaye haziwaki hivyo, ila huoza kwa namna yake: ukifungua kopo ukasikia harufu kali ya siki, asidi imeshaanza kutoka, na mvuke wake utaziambukiza filamu za jirani. Kopo hilo litengwe siku hiyohiyo.

Hatari ya tatu haina harufu wala moshi. Faksi za miaka ya 1980 na 1990 zilichapishwa kwenye karatasi ya joto, yaani inayoandikwa kwa joto badala ya wino, ambayo maandishi yake hufifia hadi ikabaki nyeupe tupu. Waongozaji wa kipindi hicho walijadiliana na watayarishaji kwa faksi usiku na mchana, kwa hiyo mabishano yote kuhusu mwisho wa filamu yanaweza kuwa yamo katika karatasi hizo. Zinakili kwenye karatasi ya kawaida mara uzionapo, uandike kwa penseli nyuma ya nakala kwamba asili ilikuwa faksi, na uhifadhi zote mbili.

Hatua ya nne: tafuta mpangilio, kisha uufuate

Baada ya hapo anza kuorodhesha boksi kwa boksi, bila kusogeza kitu, ukiandika kwa sentensi moja au mbili kilichomo. Ukimaliza utaona makundi yanajitokeza yenyewe. Kwa mwongozaji wa aina hii, kundi kubwa kwa kawaida huwa ni kazi zake, moja baada ya nyingine, na ndani ya kila kazi kuna skripti, madaftari, usaili wa waigizaji, seti na maleba, ratiba, bajeti, picha, matangazo na tahakiki za magazeti. Nje ya kazi hizo kuna barua, mikataba, shajara, hotuba, miradi ambayo haikufanyika, na mambo ya familia.

Miradi ambayo haikufanyika ipe kundi lake na heshima kamili. Huwa inachukua nafasi kubwa kuliko watu wanavyotarajia, na huonyesha alichokitaka mwongozaji pale ambapo hakuna aliyempa fedha.

Swali gumu zaidi ni la kazi iliyofanywa mara mbili, jukwaani kisha katika filamu. Elia Kazan, ambaye nyaraka zake zimo katika Chuo Kikuu cha Wesleyan nchini Marekani, aliongoza A Streetcar Named Desire jukwaani New York mwaka 1947 na akaiongoza tena kama filamu ya mwaka 1951. Katika daftari lake la mwaka 1947 alimchambua kila mhusika na kutafuta shabaha moja inayomsukuma. Je, daftari kama hilo liwekwe chini ya jukwaa au chini ya filamu, hali mwongozaji alilitumia kwa yote mawili? Jibu langu ni kwamba liwekwe pale alipolianzisha au pale lilipokutwa, na upande wa pili iwekwe karatasi ya kuelekeza, yenye namba ya boksi na ya jalada. Usilipasue kundi kwa ajili ya unadhifu. Filamu hiyohiyo inaonyesha pia kwa nini barua za kampuni zisitenganishwe na skripti: kabla haijatolewa ilikatwa sehemu kadhaa kwa shinikizo la taasisi ya Kikatoliki iliyosimamia maadili ya filamu, na vipande hivyo vikarudishwa mwaka 1993. Mtu anayetaka kuelewa tofauti ya nakala hizo mbili anahitaji barua na skripti zikiwa mezani pamoja.

Pale ambapo hakuna mpangilio wowote, yaani chumba kilikuwa fujo tangu mwanzo, una ruhusa ya kuunda wako. Andika waziwazi katika maelezo kwamba mpangilio ni wa mtunza nyaraka, ili msomaji asije akajenga hoja juu ya utaratibu ambao marehemu hakuufahamu.

Hatua ya tano: jifunze kusoma unachokishika

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Huwezi kupanga matoleo manane ya skripti bila kuelewa alama zake.

Katika utaratibu wa filamu wa Kimarekani, ambao umesambaa sehemu nyingi, kurasa zinazobadilishwa baada ya skripti kutolewa huchapishwa kwenye karatasi ya rangi tofauti: nyeupe kwanza, kisha buluu, waridi, njano na kijani, na nyingine hufuata. Skripti yenye rangi mchanganyiko kama upinde wa mvua si nakala iliyovurugika. Ni nakala ya kazi, na tarehe iliyo juu ya kila ukurasa wa rangi inakuambia ni siku gani mabadiliko yaliingia. Usitoe kurasa hizo ukaziweka kirangi. Kinyota kidogo pembeni mwa mstari huonyesha mahali hasa palipobadilishwa.

Skripti ya mtunza mwendelezo, yaani anayeandika kila kinachopigwa picha ili matukio yaoane, ni kitu kingine kabisa. Utakuta mistari ya wima imechorwa kutoka juu hadi chini ya ukurasa, kila mmoja ukiwa na namba ya shoti, yaani upigaji mmoja wa kamera bila kukatizwa. Mstari ulionyooka unamaanisha maneno yale yalisemwa mbele ya kamera, na uliopindapinda kama nyoka unamaanisha yalisemwa huku kamera ikitazama kwingine. Ukiufuata kwa kidole unaweza kujua tukio lilifunikwa na shoti ngapi na mhariri alikuwa na chaguo gani. Ukurasa wenye mistari mingi sana mara nyingi ni ukurasa uliomsumbua mwongozaji.

Upande wa jukwaa, hati kuu ni kitabu cha msimamizi wa jukwaa, ambamo kila ukurasa wa mchezo hukabiliana na ukurasa mtupu uliojazwa mienendo ya waigizaji, ishara za taa na sauti, na muda. Fungua mmoja uuangalie kwa makini. Utaona mwendo wa mwigizaji umeandikwa kwa penseli, umefutwa, umeandikwa tena, na alama ya kifutio imeacha karatasi laini na nyembamba kuliko pembeni. Ukiinamisha ukurasa chini ya taa ya pembeni, mchoro wa kwanza husomeka kwa makovu yake. Kwa sababu hiyo vitabu hivi vipigwe picha kwa rangi, na katika kurasa zilizofutwa ipigwe picha ya pili kwa mwanga wa pembeni.

Angalia pia kulia na kushoto. Katika desturi ya Kiingereza, kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji anayeitazama hadhira, wakati Ujerumani huhesabu kwa macho ya hadhira, na Wafaransa husema upande wa ua na upande wa bustani ili kuondoa utata wote. Mwongozaji aliyefanya kazi katika nchi zaidi ya moja anaweza kuchanganya desturi katika daftari moja. Ukishagundua alitumia ipi, liandike jambo hilo katika maelezo ya jalada, maana litamwokoa msomaji na kosa zito.

Waongozaji wengine huacha mpango mzima wa onyesho. Konstantin Stanislavski aliandika wa aina hiyo kwa ajili ya mchezo wa Chekhov alioufanya Moscow mwaka 1898, akiweka hatua, vitulio na sauti za nyuma ya jukwaa karibu na kila mstari. Bertolt Brecht na wenzake waliunda vitabu vya mfano vyenye picha nyingi za onyesho zilizopangwa kwa mfuatano wa matukio. Ukikuta albamu ya picha za onyesho, chunguza kwanza kama mfuatano wake ni wa makusudi kabla ya kuiita mkusanyiko wa picha tu.

Hatua ya sita: ondoa kinachoharibu, funga kwa vifaa salama

Nawa mikono na uikaushe; kwa karatasi hilo ni bora kuliko glavu za pamba, ambazo hupunguza uwezo wa vidole kuhisi na hurarua kingo. Glavu za naitraili zitumike kwa picha na filamu. Kalamu ya wino isikaribie meza, penseli laini inatosha.

Ondoa mipira ya kubania, klipu za chuma na pini zilizoshika kutu, ila kabla ya kuondoa hakikisha umeandika ni karatasi zipi zilizobanwa pamoja. Badala yake tumia ukanda wa karatasi isiyo na asidi au jalada dogo la ndani. Selotepu usiivute, kwani hung'oka na maandishi. Usiweke karatasi yoyote katika plastiki ya kuyeyushwa kwa joto, jambo ambalo familia nyingi hulifanya kwa upendo na ambalo haliwezi kutenguliwa. Bahasha za picha ziwe za poliesta au karatasi safi, kamwe zisiwe za plastiki ya PVC, kwa kuwa hiyo hutoa asidi kadiri inavyozeeka.

Maboksi yajae kiasi cha kuzuia karatasi zisipinde, lakini si kiasi cha kukulazimisha kuvuta. Michoro mikubwa ya seti ilazwe bapa katika droo pana, na isipowezekana izungushwe nje ya bomba nene badala ya kusokotwa ndani yake. Chumba kiwe na jotoridi lisilozidi nyuzi 20 za Selisiasi na unyevu kati ya asilimia 35 na 50. Usipoweza kufikia viwango hivyo, pigania kwanza hali isiyobadilikabadilika, kwa sababu kupanda na kushuka kila siku huchosha karatasi na filamu kuliko joto la wastani lililotulia.

Hatua ya saba: filamu, kanda na kompyuta

Filamu zilizo salama zitenganishwe na karatasi na ziwekwe mahali pa baridi zaidi. Kanda za video na za sauti zinahitaji kushughulikiwa mapema kuliko filamu, kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: sumaku na gundi yake huchakaa, na mashine za kuzichezesha zinatoweka. Rekodi ya mazoezi iliyo kwenye kanda ya miaka ya 1980 inaweza kuwa ushahidi pekee wa sauti ya mwongozaji akielekeza, kwa hiyo katika orodha ya kugeuza kuwa dijitali itangulie matangazo na mahojiano ya televisheni ambayo pengine yapo kwingine.

Kompyuta na disketi zisiwashwe ili "kuona tu kilichomo". Kufungua faili kunaweza kubadilisha tarehe yake, na tarehe ndiyo inayokuambia rasimu ipi ilitangulia. Mtaalamu anakili diski nzima kwa kifaa kinachozuia kuandika juu yake, kisha kazi ifanywe kwenye nakala. Faili zitunzwe katika muundo wake wa asili, na pembeni iwekwe nakala ya PDF inayosomeka bila programu ya kuandikia skripti. Kuwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae jengo lingine. Kila faili ipewe namba ya uthibitisho inayokokotolewa na kompyuta, ili kila mwaka ujue kama hata herufi moja imebadilika.

Barua pepe zina uchungu wake. Hubeba mazungumzo yote ya miaka ya karibuni, na hufutika akaunti inapofungwa kwa kutotumika. Waombe warithi wazipakue mapema.

Hatua ya nane: andika orodha elekezi

Orodha elekezi humwonyesha msomaji kilichomo katika nyaraka na mahali kilipo. Kiwango cha Baraza la Kimataifa la Nyaraka cha kuelezea nyaraka kina vipengele 26, lakini sita ndivyo vya lazima: namba ya rejea, jina, aliyeziunda, tarehe, kiasi, na ngazi ya maelezo. Anza na hivyo kwa nyaraka zote kwa jumla, kisha kwa kila kundi, kisha kwa kila jalada, bila kurudia chini kilichokwisha kusemwa juu. Karatasi moja moja ziorodheshwe pale tu zinapostahili. Ukijaribu kuorodhesha kila barua katika mita 30 za rafu, wasomaji watangoja muongo mzima.

Majina ya majalada yawe yale aliyoyaandika mwongozaji, yakiwekwa ndani ya alama za kunukuu, na maelezo yako yafuate nje yake. Filamu na michezo hubadilishwa majina mara nyingi wakati wa maandalizi, hivyo taja jina la kazini pamoja na jina lililotolewa. Kumbuka pia kuwataja wabunifu wa maleba, wachoraji wa seti na watunza mwendelezo kila unapowatambua. Kazi yao imejaa tele katika maboksi haya, na orodha inayomtaja mwongozaji peke yake huwaficha watu waliojenga onyesho pamoja naye.

Hatua ya tisa: siri za watu na haki za maandishi

Ndani ya majalada ya usaili kuna maneno makali kuhusu sura, umri na uwezo wa watu walio hai. Majalada ya bima yana ripoti za madaktari za waigizaji, na mikataba ina mishahara. Vitu hivyo visitupwe. Vifungwe kwa muda unaoendana na sheria za nchi vilipo, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye boksi na kwenye orodha. Kwa taarifa za afya mimi huchagua muda mrefu kuliko sheria inavyodai, kwa sababu aliyechunguzwa hakumruhusu daktari wake kuzungumza na sisi.

Kuhusu hakimiliki, kosa la kawaida ni kudhani kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye maneno. Barua iliyoandikwa kwa mwongozaji ni mali yake kama kitu, lakini haki ya kuichapisha hubaki kwa aliyeiandika, na baada yake kwa warithi wake. Chini ya Mkataba wa Berne ulinzi huo hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Skripti nyingi za filamu ni mali ya kampuni iliyozilipia. Kwa hiyo kumruhusu msomaji asome ni jambo moja, na kuweka picha ya ukurasa kwenye intaneti ni jambo lingine linalohitaji ruhusa nyingine.

Hatua ya kumi: fungua mlango

Msomaji apewe boksi moja kwa wakati na jalada moja mezani, na arudishe karatasi kwa mfuatano aliozikuta. Mkabidhi kipande cha kadi cha kuweka mahali alipotoa jalada. Mruhusu apige picha kwa simu bila mwanga wa flashi kwa ajili ya utafiti wake, ukimweleza masharti ya hakimiliki.

Acha pia nafasi rafuni na namba katika orodha. Habari zikienea kwamba nyaraka zimefunguliwa, mwigizaji mzee ataleta barua tatu alizozitunza, na msaidizi wa zamani atakumbuka daftari aliloliazima na hakulirudisha. Vipokee kwa hati ya makabidhiano, uandike vilitoka kwa nani na lini, na uviweke katika kundi lake mwenyewe kando ya nyaraka za mwongozaji, pamoja na karatasi ya kuelekeza kwenye jalada linalohusika.